Tumwite Nani? Historia ya Jina la Mungu Mbeya na Iringa

Usharika wetu uko upande wa Rungwe. Miaka michache iliyopita tulikuwa na mkutano wa injili wa siku tano, na mhubiri alikuwa mgeni. Siku ya tatu alifundisha juu ya vifungo vya ukoo. Akasema kwamba Kyala, jina tunalomwitia Mungu kwa Kinyakyusa, ni jina la mzimu uliokaa pangoni kando ya Ziwa Nyasa, na kwamba anayesali kwa jina hilo anafungua mlango asioujua. Watu waliitika amina. Wengine walilia.

Kesho yake, katika maombi ya alfajiri, bibi mmoja ambaye miaka yote husali kwa sauti na kwa Kinyakyusa alinyamaza. Jumapili ikafika, bado kanyamaza. Mzee wa kanisa alipomtembelea nyumbani, bibi alimwuliza swali moja tu: "Basi mimi nimwite nani?" Kiswahili anakisikia vizuri na anakisema sokoni, lakini kulia halii kwa Kiswahili.

Wakati huohuo vijana wa kwaya wakaleta ombi kwa baraza la wazee kwamba nyimbo zote zenye jina hilo ziondolewe. Baraza halikutaka kujibu kwa haraka. Likatutuma sisi wanne, mwalimu mstaafu, mwinjilisti, mama wa kwaya na kijana aliyekuwa likizo kutoka chuoni, tuchunguze neno hili limetoka wapi. Tulipewa miezi mitatu, tukatumia karibu mwaka. Haya ndiyo tuliyoyapata, na tunayaandika kwa ajili ya washarika wenzetu wa Mbeya na Iringa, maana tuliona mapema kwamba swali la bibi si la Wanyakyusa peke yao.

Tulianza na pango, kwa sababu shtaka lilianzia hapo. Pango lipo. Liko kando ya ziwa upande wa Matema, pale milima ya Livingstone inapoteremka hadi majini, na mahali hapo huitwa Pali Kyala, yaani "alipo Kyala". Wilson na mkewe Monica, watafiti waliokaa na Wanyakyusa miaka ya 1930, waliwasikiliza wazee waliokuwa bado nje ya kanisa, na Monica Wilson akaandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1959. Humo Kyala anatajwa pamoja na Lwembe wa Lubaga, yule aliyeombwa mvua, kama mmoja wa wakuu wa kale waliotoka upande wa Bukinga na waliopelekewa sadaka. Baadhi ya wazee hao walisema waziwazi kwamba zamani Kyala alikuwa chini, pamoja na wafu, na kwamba habari ya Kyala kuwa juu mbinguni waliisikia kwa Wakristo.

Tulipofika hapo mwinjilisti wetu alifunga daftari. Akasema, "Kumbe mhubiri hakudanganya." Tukakaa kimya kidogo, mama wa kwaya akaenda kuchemsha chai. Tunaeleza hili kwa sababu si haki kumficha msomaji jambo linalotuumiza. Mhubiri yule hakulitunga pango.

Lakini ushahidi haukuishia hapo. Mmisionari wa Kiskoti D. R. MacKenzie, aliyefanya kazi ng'ambo ya Songwe kwa Wangonde, ndugu zetu wa damu na wa lugha, alichapisha kitabu mwaka 1925. Yeye alisikia mambo mengine. Aliambiwa kwamba kila kitu kikubwa kuliko vya aina yake, dume la ng'ombe la ajabu, mti mnene usio wa kawaida, kiliweza kuitwa Kyala, na kwamba ziwa likichafuka kwa dhoruba watu walisema Mungu anatembea juu ya maji. Tena aliandika majina mengi ambayo watu walimwitia huyohuyo mmoja, likiwamo lile la Mpeli. Mnyakyusa yeyote, hata aliyelelewa Dar es Salaam, akikumbushwa kwamba kupela ni kuumba, ataelewa Mpeli ni nani. Na kabla ya MacKenzie, Alexander Merensky, kiongozi wa msafara wa kwanza wa Berlin, alikuwa ameandika kwamba watu aliowakuta huku walimjua Mungu na kumtaja.

Kwa hiyo tuna mashahidi wasiopatana: mmoja ana Kyala wa pangoni, mwingine ana Kyala wa dhoruba na wa kila kilicho kikuu. Mwalimu wetu mstaafu alitaka tuchague mmoja. Sisi wengine tuliona hakuna sababu. Wazee wa Selya hawakuwa wazee wa ziwani, na mtu wa mwaka 1891 hakuulizwa maswali yale aliyoulizwa mtu wa mwaka 1935, aliyekwisha kuishi miaka 40 jirani na kengele ya kanisa. Tunachosadiki ni kwamba neno hili lilikuwa pana. Liliweza kumgusa mkuu wa kale, na mahali pa kutisha, na yule aliyewapita wote. Maneno ya namna hiyo yapo katika kila lugha, na watu walioyatumia hawakuona shida, kwa sababu hakuna aliyewadai maana iliyokatwa kwa kisu.

Aliyedai ni mtafsiri. Mwaka 1891 walifika wamisionari wa makundi mawili kwa njia ya Ziwa Nyasa: Wamoravian wa Herrnhut, wakajenga Rungwe, na wale wa Berlin, wakajenga mahali walipopaita Wangemannshöhe, kisha Manow, Mwakaleli, na hata Ikombe, upande uleule wa ziwa lenye pango. Walipaswa kuhubiri, na hapo hapo walipaswa kuchagua jina. Njia zilikuwa tatu. Wangeweza kuleta neno lao la Kijerumani, Gott. Wangeweza kulipandisha neno la pwani, Mungu, ambalo watu wa huku walilijua kwa wapagazi na wafanyabiashara. Au wangechukua neno walilolikuta midomoni mwa watu. Makundi yote mawili yalichukua la tatu, na ndiyo maana Mmoravian wa Rungwe na Mlutheri wa Manow, ambao kwa mengine hawakukubaliana sana, husali kwa jina moja hadi leo.

Walipovuka milima kwenda mashariki jina likabadilika. Kufikia mwaka 1900 watu wa Berlin walikuwa Bulongwa na Tandala kwa Wakinga, na Kidugala kwa Wabena. Uhehe wakawa na kituo walichokiita Pommern. Wabenediktini nao walikuwa wamefika Tosamaganga miaka ileile ya vita vya Mtwa Mkwawa. Huko hakuna Kyala. Huko ni Nguluvi. Mhehe na Mbena husema Unguluvi. Mkinga na Mwanji husema Unguluve. Na ukirudi upande wa Mbeya, Mmalila husema Ungulubhi na Msafwa husema Ongolobhe. Sikiliza majina hayo mfululizo nawe utaona ni mtu mmoja aliyevaa koti tofauti katika kila mlima, v ikigeuka bh, u ikigeuka o. Kumbe jina lililoenea zaidi katika Nyanda za Juu Kusini si letu Wanyakyusa. Sisi ndio tuliokaa peke yetu kando.

Hapa tumruhusu kijana wetu aeleze kisa chake, maana alikisisitiza. Alipofika chuoni Iringa alialikwa kwenye ibada ya mazishi kijijini, Uhehe. Wazee waliposimama kuomba akasikia wanataja Unguluvi, tena kwa unyenyekevu mkubwa, naye akashindwa kuinua uso. Kwa Kinyakyusa ingulube ni nguruwe. Alituambia alisali zaidi siku ile kuliko siku nyingine, akiomba asicheke. Wenyeji wake walipoambiwa baadaye, hawakuchukia. Mzee mmoja alimwambia tu kwamba naye, aliposikia Kyala mara ya kwanza, alidhani ni jina la mji, yaani Kyela.

Uhehe nako neno lilikuwa na majirani wasiopendeza wahubiri. Wazee walitambika makaburini na kuwaita masoka, yaani roho za waliokufa, nao masoka ndio waliotumwa na haja za watu. Nguluvi alikuwa juu ya wote hao, aliyeumba, lakini hakuendewa moja kwa moja kila siku, kama vile mtu wa kawaida hakuingia kwa Mtwa bila kupitia kwa mtu. Wamisionari walilichukua jina la aliye juu na kuwaacha wajumbe. Mtu anaweza kusema ni hila. Sisi tunaona ni jambo ambalo hata Mhehe asiyebatizwa angelielewa: kwamba sasa mlango umefunguliwa na unaweza kuingia mwenyewe.

Kwa neno hilo la Mtwa, pande zote mbili tunakutana. Mhehe alimwita Mkwawa Mtwa, Mnyakyusa akamwita mkuu wake Ntwa, na makanisa yote mawili yakalichukua kumwitia Bwana. Mama mwenye mtoto aitwaye Gwantwa amesema "wa Bwana", na Mhehe atamwelewa bila mkalimani.

Sasa turudi kwa mhubiri wetu. Ushauri wake ulikuwa kwamba tutumie Mungu, jina safi. Tukaona ni haki neno Mungu nalo lipelekwe shuleni kama wenzake.

Umbo lake la zamani ni Mulungu. Kiswahili kina tabia ya kuidondosha l iliyo katikati ya neno, na sisi wa huku tunaiona vizuri kuliko watu wa pwani kwa sababu lugha zetu zimeihifadhi. Kiswahili ni njaa, Kinyakyusa ni injala. Kiswahili ni mvua, Kinyakyusa ni ifula. Vivyo hivyo Mulungu akawa Muungu, na Askofu Edward Steere wa Zanzibar, aliyetoa kitabu chake cha kufundisha Kiswahili mwaka 1870, bado aliandika Muungu, kwa u mbili. Baadaye zikaungana, tukapata Mungu. Ndugu zetu Wanyiha wa Mbozi hawakudondosha kitu: wao husema Umulungu mpaka leo, na Traugott Bachmann, Mmoravian aliyefika Mbozi mwaka 1899, alihubiri kwa jina hilo. Kwa hiyo Mnyiha akisali kwa lugha ya mama yake na akisali kwa Kiswahili anatumia neno moja, la kwanza likiwa zima na la pili likiwa limechakaa kwa safari.

Na huyo Mulungu alitoka wapi? Neno linajulikana toka pwani ya Kenya hadi Malawi na Msumbiji. Wengine wamelifunga na kitenzi cha kuunga au kupanga sawasawa. Wilhelm Bleek, msomi wa lugha za Kibantu, alilihusisha na jina la Wazulu, Unkulunkulu, na waliokuja baada yake wakamkatalia. Hilo tunawaachia. La maana kwetu ni kwamba wamisionari wa Kiskoti waliokaa na Wayao miaka ya 1870 na 1880 walikuta neno hilihili likitumika pia kwa roho za marehemu zinazopelekewa sadaka chini ya mti. Kule pwani, Waislamu walikuwa wamekwisha kulitumia karne nyingi kumtaja Mwenyezi Mungu kabla Mkristo yeyote hajalichapisha katika Biblia. Kwa kipimo cha mhubiri wetu, basi, Mungu naye ana pango lake. Tukilikataa jina moja kwa sababu ya mti au kaburi lililowahi kusimama karibu nalo, hatutabaki na jina la kusalia hata Kiswahili.

Wala hatutabaki nalo Ulaya. Wamisionari waliotuletea Injili walimwita Mungu Gott, na Waingereza humwita God. Neno hilo babu zao walilitumia kwa miungu yao ya msituni kabla ya kubatizwa. Watu wa Wales humwita Duw, jina lililomo katika Biblia yao ya mwaka 1588 iliyotafsiriwa na William Morgan, nalo ni ndugu wa neno lao la mchana, dydd, na ndugu wa jina la Zeu, yule mungu wa Wayunani ambaye kuhani wake alitaka kuwatolea sadaka Paulo na Barnaba kule Listra. Hakuna Mwelshi tuliyemsikia akiombewa afunguliwe kwa sababu hiyo.

Hadi hapa tulikuwa tumejibu kwa namna ya watoto wanaogombana: nanyi pia. Jibu hilo linanyamazisha, lakini halimrudishi bibi kwenye maombi. Kilichotusaidia kweli kilitoka kwa mwalimu wetu, ambaye alifundisha sarufi miaka 30 na hawezi kusoma hata tangazo la kifo bila kukosoa upatanisho wake.

Alituuliza: Kyala ni ngeli gani? Sote tuliona umbo. Linaanza na ky-, yaani ki-, ile ngeli ya vitu, kama kiti na kisu. Kwa umbo lake neno hili lingepaswa kusema "kimeona", "kimeita". Lakini hakuna Mnyakyusa anayesema hivyo. Kyala huchukua a-, ile ya mtu. Kisha akauliza: Nguluvi je? Umbo lake ni la kundi la ng'ombe na nyumba, lakini hakuna Mhehe anayesema Nguluvi "imesema". Naye ni a-. Na Mungu je? Hapo tulitegemea atakuwa salama, maana ana m-. Akasema, mpeni wingi. Mtu, watu, mkulima, wakulima, Mungu... miungu. Si "waungu". Ni wingi wa mti na mto na mlima. Neno lilizaliwa kati ya miti na mito, na ukitaja miungu ya mataifa utasema imeanguka, haiwezi, haisikii, kama unavyosema miti imeanguka. Lakini ukimtaja yule Mmoja unasema anasikia.

Tulitazamana. Majina matatu, ngeli tatu, na katika yote matatu umbo linasema jambo moja na kitenzi kinasema jingine. Umbo ni la zamani: linakumbuka mahali neno lilipookotwa, pangoni, mlimani, chini ya mti. Kitenzi ni cha watu waliozungumza naye na kujibiwa.

Kijana wetu, ambaye sasa alikuwa amechangamka, alikwenda kutafuta kama jambo hili lipo kwingine, akalipata mbali sana. Askofu Wulfila aliwatafsiria Wagothi Biblia katika karne ya 4, na hiyo ndiyo maandishi marefu ya zamani kuliko yote katika jamii ya lugha za Kijerumani. Katika lugha hizo neno la mungu halikuwa la kiume wala la kike. Lilikuwa katika kundi la tatu, ambamo vitu vingi huwekwa. Katika Biblia ya Wulfila miungu ya mataifa imebaki katika kundi hilo. Lakini Baba wa Bwana Yesu, ingawa jina lake lina umbo lilelile, huchukua upatanisho wa mtu wa kiume. Yaani Wagothi walifanya na neno lao kama sisi tulivyofanya na Kyala, na hakuna aliyewaagiza babu zetu wa Rungwe waige.

Na mchungaji wetu, tulipompelekea taarifa hiyo, alicheka na kufungua Biblia yake ya Kiebrania aliyosoma chuo cha theolojia. Akatuonyesha mstari wa kwanza kabisa. Jina la Mungu pale ni Elohim. Mwisho wake, -im, ni alama ya wingi. Neno hilohilo kwingine katika Agano la Kale linamaanisha miungu ya Wamisri na ya Wakanaani. Lakini kitenzi cha kuumba kinachoandamana nalo ni cha umoja. Aliyeumba ni mmoja, ingawa jina lina umbo la wengi. Mchungaji alisema amesoma mstari ule mamia ya mara, akafundishwa jambo lile darasani na kulijibia mtihani, lakini hakuwahi kulifikiria pamoja na Kyala.

Tena alitukumbusha Kutoka sura ya 6, pale Mungu anapomwambia Musa kwamba kwa Ibrahimu, Isaka na Yakobo alijulikana kwa jina jingine. El, sehemu ya jina hilo, lilikuwa pia jina ambalo Wakanaani walimwitia mkuu wa miungu yao. Mungu hakumlaumu Ibrahimu kwa kuitumia lugha ya nchi aliyoikuta.

Sasa tuseme ni nani aliyekibadili kitenzi. Hatudhani ni wamisionari. Mgeni anayejifunza lugha hawezi kuwabadilishia wenyeji upatanisho, wangemcheka. Pengine Kyala alikuwa na a- tangu zamani, tangu wale walioona dhoruba ziwani. Lakini kama kuna mahali ambapo tunaweza kuona watu wa kawaida wakikishika kitenzi hicho na kukifanya chao, ni katika majina ya watoto.

Chukua daftari la ubatizo la usharika wowote wa Rungwe, Kyela au Busokelo, usome kwa sauti. Ambwene: ameniona. Ambokile: ameniokoa. Ambilikile: ameniita. Atupele: ametupa. Atupakisye: ametuhurumia. Asajile: amebariki. Nani ameona? Nani ametupa? Jina halisemi, wala mama aliyelitoa hakuona haja ya kusema. Kyala yumo katika ile a- ya mwanzo, herufi moja tu. Na katika Tuntufye, tumsifu, yumo katika ile n ya katikati. Kuna vijana Mbeya mjini, na wengine Dar es Salaam na hata ughaibuni, ambao hawajui Kinyakyusa zaidi ya salamu, lakini kila wakiitwa darasani mwalimu anakiri habari za Kyala bila kujua. Yule kijana wa kwaya aliyeandika ombi la kuondoa nyimbo, jina lake linaanza na A-. Tulimwonyesha. Alinyamaza, kisha akauliza kama na jina lake liondolewe.

Mwanamke wa kwanza kubatizwa na Wamoravian pale Rungwe, mwaka 1897, aliitwa Fyabarema. Katika ubatizo alipewa jina la Numwagile. Maana yake ni nimempata, au nimemkuta. Tumelifikiria sana jina hili. Wamisionari walikuwa wamekaa miaka 6 bila kubatiza mtu, na huyu wa kwanza, mwanamke, haitwi "nimeletewa" wala "nimefundishwa". Neno kwaga ni la mtu aliyefika mahali akamkuta mwenye nyumba yupo. Wengine wanaweza kulisoma kwa namna nyingine, na hatubishani nao.

Taarifa yetu kwa baraza ilikuwa kurasa nne. Tulisema pango lipo na sadaka zilipelekwa. Kwamba anayekwenda Pali Kyala leo kutoa sadaka aonywe kama anayekwenda kwa mganga. Na kwamba nyimbo zibaki. Wazee wawili hawakuridhika, na mmoja wao hadi leo akiongoza sala hutumia Mungu peke yake, jambo ambalo ni haki yake. Baraza likapitisha kwamba nyimbo zibaki, na kwamba katika kipaimara vijana wafundishwe maana ya majina yao. Hilo la pili hatukuwa tumelipendekeza. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kazi ya kutafsiri Maandiko kwa lugha kadhaa za Mbeya na Iringa imekuwa ikiendelea, na tumesikia kwamba katika kila lugha watafsiri huketi na wenyeji wakaulizana upya jina hili. Tulifurahi kusikia kwamba wanauliza.

Kisha tulikwenda kwa bibi, wote wanne. Tulimwamkia, akatukaribisha jikoni kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na moto uko huko. Mwalimu akaanza kumweleza habari za ngeli, tukaona anachoka. Mama wa kwaya akamkatiza, akamwuliza bibi majina ya wajukuu wake. Bibi akayataja, mmoja baada ya mwingine, akihesabu kwa vidole; walikuwa 11, na watano kati yao walianza na A-. Mama wa kwaya akamwuliza, "Bibi, huyu Atupele, nani aliwapa?"

Bibi alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. Alimjibu. Kisha akasema viazi vimeiva, tuinamishe vichwa aombee chakula, na akaanza kwa lile jina ambalo hatukuwa tumelisikia kinywani mwake kwa muda wa karibu mwaka mzima.